Uzamifu wa Kiswahili na Mlango Mmoja wa Kazi

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya aghalabu humwandaa mwanafunzi wa uzamifu kwa kazi moja tu, nayo ni uhadhiri. Hali hii haikuzuka bure. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa. Walimu wakahitajika kwa wingi, na idara zikakua kwa kuikidhi haja hiyo. Masharti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014, yaliyomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, yaliuimarisha zaidi uhusiano wa shahada hiyo na kazi ya darasani.

Lakini lugha yenyewe imekwisha kuvuka mipaka ya darasa. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015. Na mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliikubali kuwa lugha yake ya kazi. Hatua zote hizi zadai wafasiri, wakalimani, wahariri na waundaji wa istilahi.

Wapo wanaoshikilia kwamba uzamifu ni utafiti, si ufundi, na kwamba idara ikifuata kila soko itapoteza kina chake. Hoja hii ina uzito, ila imejengwa juu ya dhana kwamba kazi hizo hazihitaji utafiti. Litazamwe neno mswada, ambalo hutumika kwa andiko lisilochapishwa na pia kwa pendekezo la sheria linalofikishwa Bungeni. Kuamua kama neno moja lizibebe dhana zote mbili, au litafutwe jingine, ni suala la semantiki na leksikografia, yaani ujuzi ule ule ambao mwanafunzi hutumia miaka kuupata. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba ujuzi huo unatakikana kwingineko.

Kwa hivyo dosari haimo katika uchache wa kozi. Imo katika ukimya. Mwanafunzi husimamiwa na wahadhiri, hutahiniwa na wahadhiri, na semina zake husikilizwa na wahadhiri. Yafaa idara iwaalike wahariri wa vitabu na wafasiri wa Bunge kwenye semina hizo, imruhusu mtafiti akusanye data yake miongoni mwao, na iweke kumbukumbu za mahali wanakokwenda wahitimu wake. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi.

Mwanafunzi aliyeonyeshwa mlango mmoja tu, akaukuta umefungwa, hudhani kwamba ameshindwa yeye. Ukweli ni kwamba yaliyopungua ni maandalizi, na mzigo huo ni wa idara kuubeba.