Kulea au Kufuga? Nafasi ya Msimulizi katika Masimulizi ya Makinda wa Mwituni

Makala haya yanashughulikia masimulizi ya kinathari ambamo binadamu anamlea kwa mkono kinda wa ndege wa mwituni, kisha anakabiliwa na suala la kumwandaa aishi bila yeye. Tutajikita katika vitabu vitatu: King Solomon's Ring cha Konrad Lorenz, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1949, riwaya ya Barry Hines, A Kestrel for a Knave (1968), na Alfie and Me cha Carl Safina (2023). Havifanani kiutanzu. Cha kwanza ni insha za mwanasayansi, cha pili ni riwaya ya kihalisi, cha tatu ni kumbukumbu za mwandishi mwenyewe. Tumeviweka pamoja kwa kuwa vyote vinamkabili msimulizi na tatizo moja: kadiri mlezi anavyofaulu katika kazi yake, ndivyo msimulizi anavyopungukiwa na cha kusimulia. Ndege aliyelelewa vyema huenda zake. Ndege anayerudi kila jioni begani kwa mlezi hutoa sura nzuri ya kitabu, na huenda ikawa ndiyo dalili kwamba malezi yamekwenda kombo.

Kiswahili kinatupa nyenzo ya kulipima tatizo hili, nayo ni tofauti iliyopo kati ya kulea na kufuga. Mwenye kufuga anataka anachokifuga kikae. Kuku hufugwa, ng'ombe hufugwa, hata ndevu na maradhi hufugwa, na katika matumizi yote hayo mamlaka hubaki kwa mfugaji. Kulea kuna ukomo ndani yake: mtoto hulelewa ili siku moja asilelewe tena, na mzazi anayekataa kuifikia siku hiyo hulaumiwa na jamii. Neno tundu, kwa upande wake, halitusaidii kutenganisha, maana ndilo hilo hilo hutumika kwa kiota na kwa kizimba. Walezi wa vitabu hivi wanaishi katika utata wa neno hilo.

Jambo la kwanza la kuhojiwa ni uyatima wenyewe. Msuko wa masimulizi ya namna hii humhitaji yatima, kwani pasipo yatima hapana mwokozi. Lakini makinda wengi wanaookotwa chini ya miti si yatima. Ndege wa jamii nyingi hutoka kiotani kabla hawajamudu kuruka, wakakaa chini au vichakani kwa siku kadhaa huku wazazi wakiendelea kuwaletea chakula. Anayemwokota kinda huyo kwa huruma ndiye anayemfanya yatima. Msomaji wa Kenya anao mfano wa karibu, ingawa si wa ndege. Simba Elsa, katika Born Free (1960) cha Joy Adamson, alikuwa yatima kwa sababu George Adamson, mume wa msimulizi, alimpiga risasi mama yake mwaka 1956. Kitabu hakilifichi tukio hilo. Kinalieleza mwanzoni kisha kinasonga mbele kwenye mapenzi. Hines ni mkweli zaidi. Mhusika wake mkuu, Billy Casper, kijana wa mji wa machimbo ya makaa kaskazini mwa Uingereza, anaupanda ukuta wa jengo kuukuu na kumtoa kinda wa kozi kiotani. Haitwi mwokozi, wala riwaya haidai kwamba amemwokoa yeyote.

Lorenz, aliyeishi Altenberg nchini Austria na kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, ndiye aliyeieneza dhana kwamba makinda wa aina kadhaa hupigwa chapa. Kiumbe wa kwanza anayesogea mbele ya kinda mara baada ya kuanguliwa ndiye anayeshikwa kuwa mzazi, na chapa hiyo haifutiki kwa urahisi. Alikusudia kumkabidhi bata bukini wake, Martina, kwa bata wa kufugwa amlee. Martina alikataa, akamkimbilia Lorenz akilia, na tangu hapo mtaalamu huyo akawa mama wa usiku na mchana. Mahali pengine anamsimulia kunguru mdogo wa kiume aliyefikia umri wa kujamiiana, akamchumbia yeye Lorenz na kujaribu kumlisha funza. Alipofumba mdomo, ndege akamtia sikioni. Lorenz anayasimulia haya kwa ucheshi mwingi, na wasomaji wa nusu karne na zaidi wamecheka naye. Sisi tunauona ucheshi huo kuwa ni kasoro ya kimtazamo. Kinachochekesha upande wa binadamu ni msiba upande wa ndege: kunguru huyo hakuwahi kumwona mchumba katika jamii yake mwenyewe. Nafsi ya kwanza ya Lorenz haina pembe ya kuutazamia msiba huo, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayochumbiwa.

Riwaya ya Hines imesimuliwa kwa nafsi ya tatu, na uamuzi huo wa kifani umemfaa sana. Uhakiki uliozoeleka, na ambao wanafunzi wetu huurudia katika mitihani, humwona kozi Kes kuwa ishara ya uhuru ambao Billy ameukosa nyumbani na shuleni. Tumelelewa katika ushairi ambamo ndege ni nadra kuwa ndege. Huwa mpenzi, nafsi au mjumbe, na tunapomkuta ndege katika riwaya tunakimbilia majazi. Lakini matini haiungi mkono usomaji huo. Hakuna mahali Kes yu huru. Ana vigwe miguuni, anaishi bandani, na anarushwa hewani kufuata kipande cha nyama kinachozungushwa kwa kamba. Anayejua kazi ya kufunza kozi anaelewa kinachomrudisha mkononi: njaa. Uzito wa ndege hushikiliwa chini kidogo ya shibe, maana aliyeshiba hana sababu ya kurudi. Billy amejifunza hayo yote katika kitabu alichokiiba dukani, na kila siku huhangaikia nyama ya kumlisha.

Hata hivyo, Billy ndiye mlezi mwenye fahamu kuliko wote tunaowajadili. Anakasirika watu wanapomuuliza kama kozi wake amefugika. Anashikilia kwamba kozi hafugiki, hufunzwa tu, na kwamba ndege ndiye anayemkirimia yeye kwa kukubali kutazamwa. Mwalimu Farthing anapokuja kumtazama Kes akiruka, watu hao wawili wanajikuta wakinong'ona bila kujua kwa nini. Huo ndio upeo wa riwaya. Hapana anayemmiliki mwenzake kwa dakika hizo, ingawa vigwe vipo. Ndiyo maana kifo cha Kes kinauma kuliko kama angekuwa ishara. Kaka yake, Jud, amemwachia Billy fedha za kuwekea kamari ya farasi. Billy hakuziweka, farasi wakashinda, na Jud anamuua kozi na kumtupa pipani. Kes anauawa kwa sababu ni mali, na ni kitu pekee cha Billy kinachoweza kuchukuliwa. Kozi aliyeachiliwa asingepatikana bandani. Hines hatamki neno juu ya hilo, lakini msomaji makini hawezi kukwepa kuona kwamba Billy, aliyejua yote kuhusu kufunza, hakuwahi hata kuwazia kuachilia.

Je, inawezekana mlezi ajifute kabisa? Jaribio kubwa la aina hiyo halikufanywa na mwandishi. Kuanzia mwaka 2001 makorongo weupe wa Amerika Kaskazini, ndege walio adimu mno, waliongozwa kutoka Wisconsin hadi Florida na watu waliorusha vyombo vyepesi vya injini ili kuwafunza njia ya kuhama. Walezi walivaa vazi jeupe la kuficha umbo na uso, hawakusema neno, na mkononi walishika kikaragosi chenye kichwa cha korongo. Kiswahili kinamtenga ndege wa mbawa na ndege ya injini kwa upatanisho wa kisarufi tu. Makinda hao hawakuwa na sarufi hiyo, wakaifuata ndege kama mzazi. Waliijua njia, wakakua, wakataga. Kulea makinda wao wenyewe ndiko kulikowashinda wengi wao, na mwaka 2016 mpango wa vyombo hivyo ulikomeshwa, moja ya hoja zikiwa kwamba malezi yenyewe yalikuwa na mkono mwingi wa binadamu. Mlezi aliuficha uso. Kutokuwepo kwa korongo hakukufichika.

Safina anasimama kati ya vazi hilo na bega la Lorenz. Mwaka 2018 aliletewa kinda wa bundi mdogo aliyekaribia kufa, huko Long Island, New York. Manyoya yake hayakuota ipasavyo, hivyo kuachiliwa kwake kukacheleweshwa. (Msomaji wa pwani, ambaye kwake bundi akilia paani ni habari mbaya, itambidi ajikaze kidogo.) Kwa maoni yetu kitabu kinalemewa na kurasa ndefu za falsafa za mataifa, ambazo zingeweza kupunguzwa bila hasara. Nguvu yake imo katika kurasa za usiku, ambamo msimulizi anasimama gizani akisikiliza, hana hakika bundi yuko mti gani wala kama atarudi. Nafsi ya kwanza hapo inapungua hadi kuwa sikio. Alfie alibaki jirani na nyumba, akapata dume wa mwituni, na mwaka 2020 wakatoa makinda watatu. Mhakiki mkali atauliza kitabu kingekuwaje kama angeondoka usiku wa kwanza. Yamkini kisingeandikwa, au kingekuwa cha kurasa thelathini. Makinda watatu walilelewa na bundi wawili, na walipotawanyika, msimulizi hakuwa tena na la kuwasimulia.