Mizani ya Renault 4 Katika Mchanga wa Merzouga

Kila mwaka, mwezi wa Februari, wanafunzi wa vyuo vya Ufaransa, wawili wawili katika kila gari, hushika njia ya kusini, wakaikata Uhispania, wakavuka mlango wa bahari kwa meli na kuingia Morocco, ambako hupanda milima ya Atlas na kushuka katika jangwa la Merzouga kabla ya kukoma Marrakech, mwendo wa kilomita takriban 6,000 kwa jumla. Nao huiendea safari hiyo kwa Renault 4, gari la nyumbani na la shamba lililoanza kuundwa mwaka 1961, ambalo wasomaji wetu wa Kenya walio watu wazima watalikumbuka kwa jina la Renault Roho. Safari hiyo, iitwayo 4L Trophy, ilianza mwaka 1998 kwa magari 3, na baadaye ikafikia zaidi ya magari 1,000 kwa msimu mmoja, kila moja likichukua madaftari, kalamu, mikoba na mipira kwa ajili ya watoto wa kusini mwa Morocco.

Wengi wasimuliapo habari hii hutaja ujasiri wa vijana, na ujasiri upo bila shaka. Lakini mimi, kila nikiitafakari, naona kwamba kiwavushacho ni mizani, kwa maana gari lile lina nguvu haba mno kushindana na mchanga, na asiyeweza kushindana hana budi kupatana, na mapatano baina ya gari na mchanga huandikwa kwa kilo.

Chukua gari lenye kilo 700 likiwa tupu, kisha uongeze vijana wawili, petroli, maji, zana na sadaka ya watoto, mpaka uzito ufike kilo 1,000. Tairi likijazwa upepo wa kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, kama ifaavyo kwenye lami, magurudumu yote manne huikanyaga ardhi kwa sentimita za mraba 500 tu, yaani 125 kwa kila gurudumu, eneo ambalo mkono wa mtu mzima ukilazwa juu yake hulifunika. Na mzigo mkubwa ukisimama juu ya eneo dogo namna hiyo, mchanga mkavu hufunguka na kuumeza. Lakini dereva akishuka kabla ya kuingia mchangani, akachutama, akabonyeza ncha ya vali kwa kijiti hadi upepo ukatoka kwa mluzi na kubaki nusu, tairi hulegea, ubavu wake ukatuna kama shavu la mtu atafunaye, na eneo la kukanyagia huongezeka maradufu, likakaribia ukubwa wa ukurasa wa daftari dogo la shule. Hesabu hii ni ya kukisia, kwani ubavu wa tairi nao hubeba sehemu yake ya uzito, walakini yatosha kuonyesha kwa nini pampu ndogo ya upepo ina thamani zaidi kuliko injini kubwa: tairi lililolegea likirudishwa juu ya mawe bila ya kujazwa, hukatika, au hupata moto likaharibika.

Jambo la pili ni mahali pa kuuweka mzigo. Renault 4 huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini yake imekaa huko huko mbele, kwa hiyo magurudumu yafanyayo kazi ndiyo yaliyokandamizwa zaidi, nayo hiyo ni neema; ila gari likielekea juu, katika mlima au katika tuta la mchanga, uzito huhamia nyuma na neema ile hupungua. Mtu asiyejua hurundika maboksi ya madaftari karibu na mlango wa nyuma, kwa kuwa ndipo penye nafasi na urahisi, kisha akashangaa magurudumu ya mbele yakizunguka bure. Ajuaye huyalaza sakafuni, nyuma tu ya migongo ya viti, akayafunga kwa kamba.

Chini ya gari pana hikima ambayo huniridhisha sana. Gari hili halina springi za mviringo; kila gurudumu limeshikwa na ufito mrefu wa chuma uliolala chini, ambao husokotwa gurudumu lipandapo na kujisokotoa lishukapo. Fito mbili za nyuma hukingama upana wote wa gari, na kwa kuwa haziwezi kukaa mahali pamoja, moja imewekwa nyuma ya mwenziwe, ndiyo sababu umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma hutofautiana kwa milimita 48 baina ya upande wa kulia na wa kushoto. Faida yake kwa msafiri ni kwamba fundi aweza kuzirekebisha fito hizo na kuliinua gari, akapata pia nafasi ya kufunga bamba la alumini la kukinga tumbo la injini. Bamba hilo nalo lina uzito wake, na uzito huo haukwepeki kuhesabiwa.

Mlimani adui ni wembamba wa hewa. Katika kipito cha Tizi n'Tichka, kwenye milima ya Atlas, penye mita 2,260 juu ya bahari, hewa hubaki kama robo tatu ya ile ya pwani, na injini iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 34 hushuka hadi 26 hivi. Kabureta, isiyojua kwamba hewa imepungua, huendelea kumimina petroli kwa kipimo kile kile, plagi zikaingia masizi. Dawa yake ni subira na gia ya pili. Na subira inawezekana kwa sababu waandalizi, kwa busara iliyonipendeza, hawamtuzi mwenye mbio, bali yule aliyefuata dira na kitabu cha njia akafika kwa kilomita chache zaidi.

Hata hivyo magari huzama. Gurudumu likianza kuteleza, kukanyaga mafuta ni kuchimba kaburi, na baada ya dakika moja tumbo la gari huwa limekalia mchanga. Hapo hutolewa sepetu, hutiwa mabamba mbele ya matairi, na watu sita au wanane kutoka magari mengine hushika kingo, wakahesabu hadi tatu na kuinua. Gari la kisasa la jangwani, lenye tani mbili na zaidi, lingewacheka.

Katika kambi ya Merzouga sadaka hushushwa na kukabidhiwa, boksi baada ya boksi. Anayesimama kando ya gari wakati huo, akiutazama mwanya kati ya tairi la nyuma na bodi, atauona ukipanuka kidogo kidogo, fito zile zikijisokotoa.