Msomi, Mpwani na Kura: Uhakiki wa Lugha ya Kampeni

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, toka Kilwa Kivinje hadi Kiswere na Mchinga, kampeni za uchaguzi huandamana na kauli mbili. Ya kwanza husema kwamba watu wa pwani ni wavivu, hawakusoma, kazi yao ni bao na ngoma. Ya pili hujibu kwamba mgombea fulani ni msomi wa mjini, si mwenzetu, anatuona mbumbumbu. Kauli hizi huonekana kama maadui. Sisi tunasema ni ndugu wa tumbo moja, kwani zote mbili humzuia mkulima na mvuvi kuuliza swali lake.

Tuanze na ya kwanza. Uchache wa wasomi si tabia ya watu, ni matokeo ya historia. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi, jirani na Kilwa, mwaka 1905; Wajerumani walivizima kwa kuchoma vijiji na mazao, na njaa ikaua umma. Baadaye mkoloni aligawa shule kwa upendeleo, kisha kasumba yake ikamlaumu aliyenyimwa. Wala uvivu hauonekani. Wamachinga ni watu wa pwani ya Lindi. Vijana wa huko walipokwenda Dar es Salaam kuchuuza, jina lao likawa jina la wachuuzi wote wa mitaani. Mvivu hatembei juani kutwa na mzigo begani.

Kauli ya pili nayo ni potofu. Cheti peke yake hakimfanyi mtu kuwa bwanyenye. Humfanya hivyo anapokigeuza ngazi ya kuwakanyaga wenzake. Majivuno ya namna hiyo ndiyo yaliyokemewa na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Lakini mnunuzi wa kangomba, anayelangua korosho ya mkulima mwenye shida ingali shambani, aghalabu ni mwenyeji na lugha yake ni yetu. Je, tumchague kwa sababu ni wa kwetu?

Katika uchaguzi wa mwaka 1965, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, ikawapa alama za jembe na nyumba, ikawapandisha jukwaa moja na kuwakataza kutumia kabila au dini. Wananchi waliwaangusha hata baadhi ya mawaziri. Hata hivyo, wapo wagombea waliogeuza alama zenyewe kuwa hoja. Fundisho ni kwamba kanuni hufunga mdomo, haing'oi kasumba.

Mwaka 2015 majimbo ya Kilwa Kusini na Kilwa Kaskazini yalichagua wabunge wa CUF. Kada anayeeleza jambo hilo kwa "ukaidi wa Wapwani" hajachambua kitu, ametukana tu. Gesi ya Songosongo, kisiwa cha Kilwa, imekuwa ikienda Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Mwenyeji ana haki ya kuuliza amebakiwa na nini. Swali la uchumi halijibiwi kwa tusi la kanda.

Basi makada na wanafunzi tuna wajibu wa kujikosoa kabla ya kuwakosoa wananchi. Mgombea apimwe kwa msimamo wake juu ya bei ya korosho na ufuta, zana za uvuvi, shule na zahanati. Anayekwenda Kiswere kuomba kura akae kwanza mkekani, asikilize. Asiyeweza kusikiliza hafai kuongoza, awe msomi, awe mwenyeji.