Picha za Pearl Harbor: Moshi Tunauona, Watu Wako Wapi?



Kila Desemba ikikaribia kuna picha moja huanza kuzunguka tena. Mnaijua bila shaka: mripuko mkubwa umechanua angani, vipande vinaruka huku na huku, bandari imejaa moshi. Chini yake pameandikwa kwamba hii ndiyo manowari Arizona ikiteketea Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941. Mie nasomesha historia huku ughaibuni, na picha hiyo naikuta hata kwenye kazi za wanafunzi.

Picha yenyewe ni ya kweli. Siku ni hiyo hiyo na bandari ni hiyo hiyo. Ila meli siyo. Ile ni Shaw, manowari ndogo ya aina ya distroya, iliyokuwa imepandishwa kwenye chelezo kinachoelea. Ghala lake la mbele la baruti liliripuka kwenye saa tatu na nusu asubuhi. Arizona ilikuwa imesharipuka zaidi ya saa nzima kabla, kwenye saa mbili na dakika kumi.

Mtu atasema, ah, meli ni meli bwana, tofauti iko wapi? Tofauti ipo, tena kubwa. Ndani ya Arizona walikufa watu 1,177, karibu nusu ya Wamarekani 2,403 waliouawa siku ile, na meli haikuinuka tena mpaka leo. Shaw ilitengenezwa, na kabla mwaka 1942 haujaisha ikarudi kazini, ikapigana tena. Kwa hiyo tunamlilia mgonjwa aliyepona tukidhani ndiye marehemu. Mripuko wa Arizona ulinaswa na kamera ya filamu kutoka meli ya hospitali, Solace, lakini ni sekunde chache tu, wala hauna ule uzuri wa kutisha wa picha ya Shaw. Basi uzuri ukaupiku ukweli.

Hoja yangu ni hii: kamera ya Pearl Harbor haikusema uongo, lakini maelezo yaliyowekwa chini ya picha ndiyo yaliyotufundisha tuone nini na tusione nini. Na maelezo ya wakati wa vita huandikwa na watu wenye shughuli zao.

Hebu tuanze na nani alisimama wapi. Picha inayoonyesha shambulio likiwa ndiyo kwanza linaanza ilipigwa na Wajapani, kutoka ndani ya ndege yao. Manowari zimejipanga wawili wawili kando ya kisiwa cha Ford, maji yamerushwa juu pale topido lilipogonga, na kwa mbali moshi unatoka uwanja wa ndege wa Hickam. Pembeni kuna maandishi ya Kijapani yanayosema kuwa Wizara ya Majeshi ya Majini imeruhusu picha itolewe. Ndiyo kusema, hata mshindi wa siku ile alikuwa na mkaguzi wake. Na ndivyo lilivyo shambulio la kushtukiza: anayejua ndiye mwenye kamera tayari. Aliyeshtukizwa hupiga picha za moshi. Tukiziweka pamoja bila kueleza, tunachanganya jicho la mwindaji na jicho la mwindwa.

Upande wa Marekani nako udhibiti ulikuwa mkali. Tarehe 15 Desemba 1941 Frank Knox, waziri wa Jeshi la Majini, aliliambia taifa kwamba manowari kubwa ya vita iliyopotea ni moja tu, Arizona. Wakati huo West Virginia na California zilikuwa zimekaa chini kwenye matope ya bandari, na Oklahoma imepinduka. Hesabu iliyo karibu zaidi na ukweli ilitolewa baada ya mwaka mmoja. Kuhusu maiti ndiyo usiseme. Ilibidi kungoja mpaka Septemba 1943 ndipo gazeti la Life likachapisha picha ya askari wa Kimarekani waliokufa, nao ni wa ufukwe wa Buna, New Guinea. Ndiyo maana kwenye picha mashuhuri za Pearl Harbor chuma kinakufa, watu hawafi.

Na wako waliokufa wasiokuwa askari, raia 68. Ipo picha ya gari lililotobolewa na vyuma, na maelezo yake ya vita yanasema raia watatu waliuawa humo kwa bomu la Mjapani, maili nane kutoka Pearl Harbor. Maelezo hayo hayaachi hata upenyo wa kuuliza. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba milipuko mingi mjini Honolulu siku ile ilikuwa ni makombora ya mizinga ya Wamarekani wenyewe, yaliyorushwa kutungua ndege yakashukia mitaani. Kikulacho ki nguoni mwako. Habari hiyo haikuwa na faida kwa mtu aliyekuwa akiandikisha vijana jeshini.

Hapo hapo ongezeni filamu ya John Ford na Gregg Toland, December 7th, ya mwaka 1943, iliyopata tuzo ya Oscar. Sehemu kadhaa ziliigizwa, kwa kuwa picha halisi hazikutosha. Hakuna ubaya. Ubaya ulikuja baadaye, vipande vile vya kuigiza vilipoanza kutumika kwenye filamu nyingine za historia kana kwamba ndiyo asubuhi yenyewe.

Sasa mtazameni Doris Miller. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi kwenye West Virginia, mtumishi wa mezani, au kama wazee wetu walivyosema enzi za mkoloni, boi. Weusi wakati ule hawakufunzwa silaha zile. Alisaidia kumbeba nahodha wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bunduki ya rashasha ya kutungulia ndege. Taarifa za mwanzo hazikumtaja hata jina, mpaka magazeti ya weusi, likiwemo Pittsburgh Courier, yakashikilia. Picha yake tuliyonayo ni ya Mei 1942, Admirali Nimitz akimbandika nishani ya Navy Cross. Kwenye bunduki hatumwoni. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Na wengine walifichwa kwa makusudi. Amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942 iliwatoa majumbani kwao watu wenye asili ya Kijapani wapatao 120,000, wengi wao raia wa Marekani. Serikali hiyo hiyo ilimwajiri Dorothea Lange awapige picha, kisha jeshi likazizuia picha zake mpaka vita vikesha. Moshi wa meli uliruhusiwa kuzunguka, sura za mabibi na watoto waliofungwa lebo za mizigo zikatiwa kabatini. Asiyekuwepo na lake halipo.

Haya yanatuhusu pia sisi wa pwani. Kundi la manowari la Admirali Nagumo lililopiga Pearl Harbor ndilo lililoingia Bahari ya Hindi Aprili 1942, likapiga Colombo na Trincomalee, na Waingereza wakarudisha meli zao Kilindini, Mombasa. Picha za Hermes ikizama zilipigwa na Wajapani kutoka angani, jicho lile lile. Tukiandika Kilindini ya miaka ile, tusiridhike na manowari. Tuwatafute makuli na mabaharia wetu, hata wakiwa wamesimama pembeni ya picha bila jina.

Basi ombi langu kwenu mnaosomesha na mnaoandika ni dogo. Kabla hamjaitumia picha, ulizeni: nani kaipiga, kasimama wapi, maelezo kaandika nani, na nani aliamua lini tuione. Tuanzie na hiyo ya Desemba: iandikwe Shaw. Wale 1,177 wa Arizona wanastahili msiba wao wenyewe, si wa kuazima.

Mwenye hoja tofauti alete, tujadiliane.

Wasalaam.