Kalsiamu, sodiamu na mshipa wa mtoto njiti: tusikimbilie kuhitimisha

Ukifuatilia tafiti za watoto njiti, utakutana na za aina hii: watafiti wamepekua mafaili ya hospitali, wakalinganisha chumvi za damu za watoto ambao mshipa wa daktasi umejifunga na wale ambao bado uko wazi. Kundi la pili likionekana na kalsiamu pungufu, basi kalsiamu inageuzwa mshtakiwa. Sisi tunasema: subiri kwanza.

Wazo lenyewe si la kubeza. Daktasi huunganisha ateri ya mapafu na aota. Mtoto akiwa tumboni mapafu hayajaanza kazi, hivyo damu nyingi hupita njia hiyo ya mkato. Akizaliwa na kuvuta pumzi, oksijeni inapanda, milango ya potasiamu kwenye misuli ya mshipa inafunga, kalsiamu inaingia, misuli inajikaza. Kwa aliyetimiza miezi, mshipa hujifunga ndani ya siku 2 au 3 hivi. Kwa njiti, misuli haijakomaa, na prostaglandini bado inaulegeza.

Sasa tatizo liko wapi? Kwanza, umri. Kadiri mtoto anavyozaliwa mapema, ndivyo kalsiamu inavyoelekea kuwa chini, na ndivyo daktasi inavyochelewa kufunga. Hao wanaweza kuwa ndugu wa mzazi mmoja. Usiseme mmoja kamzaa mwenzake.

Pili, dawa. Indomethasini, inayotumika kufunga daktasi tangu miaka ya 1970, hupunguza mkojo. Maji yanabaki mwilini na sodiamu inashuka. Ukipima baada ya dawa, huenda unachokiona ni kazi ya dawa tu.

Tatu, sampuli. Damu ikikamuliwa kisigino, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu. Kipimo kinapanda, mtoto hana tatizo.

Halafu kuna swali kubwa zaidi: mshipa kufunga ndio kupona? Jaribio la Baby-OSCAR la Uingereza, lililochapishwa 2024, liliwapa watoto 653 ama ibuprofeni mapema ama dawa bandia. Ibuprofeni haikupunguza vifo wala ugonjwa sugu wa mapafu kwa kiasi cha kuaminika.

Kwani kuna hasara gani kupima zaidi? Ipo. Njiti wa kilo 1 ana damu mililita 80 hadi 100 tu. Kumtoa mililita 1 ni kama kumtoa mtu mzima mililita 50 hivi, na haohao mara nyingi huishia kuongezewa damu. Chumvi lazima zipimwe, ndiyo, kwa ajili ya maji, figo na mapigo ya moyo. Ila kuongeza sampuli ili kubashiri daktasi kunahitaji ushahidi mzito kuliko mafaili ya zamani.

Kwa hiyo ukisoma “inahusiana na”, uliza: umri wa mimba umelinganishwa? Damu ilichukuliwa kabla ya dawa? Na mwisho wa yote, mtoto alipona?