Jahazi la Slipa Litatunzwa na Nani?

Nilikuwa na raba za Gikomba nilizozificha kwenye boksi miaka sita, nikingoja siku ya maana. Siku ikafika, nikazivaa, na kabla sijamaliza ngazi za ploti soli ilikuwa imemwagika kama makombo ya keki. Sikuwa nimezitembeza hata mara moja! Kumbe soli za poliyurethani huliwa na unyevu wa hewani hata zikiwa zimelala tu.

Nilizikumbuka nikitazama tena picha za Flipflopi, lile jahazi la mita 9 hivi ambalo fundi Ali Skanda na wenzake waliliunda Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa slipa kama 30,000. Lilishushwa majini 2018, na mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar, karibu kilomita 500. Wengi husifu rangi. Mimi naona rangi ndiyo sehemu yake dhaifu, imewekewa kamera. Kazi yenyewe iko chini ya slipa, pale seremala alipolazimika kuchonga mataruma kwa kitu kisicho na nyuzi za mti, kinachotanuka jua likiwaka, na bado akalipata umbo la jahazi.

Sasa, tunasema plastiki haiozi, na kwa kasa anayeimeza ni kweli. Lakini muulize mhifadhi wa makumbusho. Filamu za zamani za asetati hunuka siki zikianza kufa. Wanasesere wa PVC hutoa jasho linalonata. Baadhi ya sanamu za plastiki alizounda Naum Gabo miaka ya 1920 zilipinda na kupasuka zikiwa zimehifadhiwa vizuri tu. Dawa ya kuzirudisha hakuna. Kinachowezekana ni kuchelewesha, kwa baridi, giza na hewa yenye oksijeni kidogo. Jahazi gani hilo la kufungiwa kwenye friji?

Jahazi la mbao lina utabibu wake. Likivuja hukalafatiwa, mbao hupakwa sifa, chini hupigwa deheni, ubao ukioza hung'olewa. Mtoto wa fundi huyajua haya kabla hajaota ndevu. Hili la plastiki halina mzee wa kumuuliza. Halafu mhifadhi hawezi kuanza kabla hajajua ni plastiki gani, na taka ya ufukweni haiji na cheti. Hiyo ndoo ilikuwa ya nani, na ilikaa juani miaka mingapi?

Kuna watakaosema, si tutaunda lingine? Slipa zibadilishwe, sawa, hata rangi ikiwa nyingine sitalia. Lakini zile mbao za plastiki ni kazi ya mafundi waliokuwa wakijaribu bila mfano wa kuiga, na makosa yao ndiyo elimu yenyewe. Ningekuwa na sauti, ningeomba kipande cha kila ubao kikatwe leo, kiandikwe kilichanganywa nini na kwa joto gani, kiwekwe gizani wakati waliochanganya wangali wanakumbuka. Chombo chenyewe kiachwe kiende zake baharini.