Kitoweo cha Tumbo la Mbwa: Namna ya Kukitambua Kilicho Bora

Kabla hujanunua chochote cha kumwekea mbwa juu ya chakula chake, toka uani asubuhi ukakiangalie choo chake. Choo cha mbwa mwenye tumbo zima kina umbo, kimeshikana, kina unyevu kidogo, na ukikizoa hakiachi uchafu mwingi chini. Madaktari wa mifugo wana chati ya kukipima. Ile ya Purina, kampuni ya chakula cha mbwa, inaanzia alama 1, vipande vikavu na vigumu, hadi 7, maji matupu, na inayotakiwa ni 2. Mwenye mbwa anayeijua alama ya kawaida ya mnyama wake amekwisha kupata nusu ya ujuzi huu, kwa sababu asiyejua choo kilivyokuwa siku za uzima hawezi kusema kama kitoweo kimesaidia au kimeharibu.

Kitoweo bora kina kazi moja inayojulikana na viungo vichache unavyoweza kuvitaja vyote kwa majina. Mimi hukihukumu kwanza kwa vitu visivyokuwamo. Hakina kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na vikiwa vya unga hudhuru kwa kiasi kidogo zaidi. Hakina chumvi ya kuongezwa. Hakina sukari, na zaidi ya yote hakina zailitoli, ile sukari mbadala inayowekwa kwenye baadhi ya vyakula vya watu, ambayo humshusha mbwa sukari ya damu ghafla hata kumuua. Wala hakina mafuta yanayoelea juu, maana mafuta mengi yanaweza kuwasha kongosho. Ndiyo maana siungi mkono desturi yetu ya kumwagia ugali wa mbwa mchuzi uliobaki mezani. Mchuzi huo una vitunguu, chumvi, mafuta na mara nyingi viungo vya pakiti. Mbwa ataulamba mpaka sufuria ing'ae, na tumbo lake ndilo litakalolipa.

Katika vitoweo vyote, boga nalipa nafasi ya kwanza. Nyuzinyuzi zake zinazoyeyuka hunywa maji na kuyashika, kwa hiyo hukaza choo kilicholegea na kulainisha kilichokauka. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa asidi ambazo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo huo. Ila si kila boga linafaa. Sehemu kubwa ya boga ni maji, na gramu 100 za boga lililochemshwa zina nyuzinyuzi kama gramu 1 tu, wakati lile zito la kopo linakaribia gramu 3. Hivyo sokoni tafuta lililokomaa: zito mkononi, kikonyo kimekauka, ganda gumu ambalo ukucha hauliingii. Likipasuliwa, nyama yake iwe ya rangi ya chungwa iliyokolea, kavu, isiyotoa majimaji kwenye kisu. Lipike kwa mvuke likiwa na ganda, kwa sababu ukilichemsha katika maji mengi linazidi kuwa jepesi. Kisha kwangua nyama, uponde, uiache kwenye chujio mpaka maji yaishe kudondoka. Kinachobaki kikisimama kwenye kijiko bila kutiririka, umefanya kazi nzuri.

Kabla ya kumpa mbwa, onja. Boga likiwa chungu, litupe lote. Uchungu huo unatokana na sumu ya asili ya jamii ya maboga na matango, na kupika hakuiondoi. Ukinunua la kopo, soma pembeni: liwe boga tupu, si lile la kutengenezea keki, ambalo limekwisha kutiwa sukari na kungumanga. Mbwa mdogo anatosheka na kijiko cha chai, na wa kilo 20 kijiko kikubwa kimoja au viwili. Ukizidisha, choo kinalegea tena, nawe utadhani boga halifanyi kazi.

Isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayouzwa madukani kama dawa ya choo, hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu zaidi. Chagua ile tupu isiyo na ladha, uiloweke kwa maji ya kutosha ivimbe kabisa kabla haijaingia kwenye bakuli la mbwa.

Dagaa si dawa ya tumbo, lakini nawaleta hapa kwa kuwa ndio kitoweo cha mbwa wengi wa Afrika Mashariki, na dagaa wabaya huharibu matumbo mengi. Mimina kiganja kimoja juu ya karatasi nyeupe, iwe ni dagaa wa Ziwa Victoria, omena wa upande wa Kenya, au wa Tanganyika. Walio bora wanang'aa rangi ya fedha, matumbo yao hayajapasuka, na kila mmoja yuko peke yake. Wakiwa wamegeuka manjano au kahawia tumboni na harufu yao inakereketa koo, mafuta yao yamechacha. Sasa wainue uangalie karatasi. Mchanga ukibaki, walianikwa chini. Walioanikwa kwenye chanja huacha magamba machache tu. Wale wanaouzwa kwa magunia kwa ajili ya chakula cha kuku ndio wenye mchanga mwingi zaidi, na muuzaji akikuambia ni hao hao tu, usimwamini kabla ya karatasi. Hata walio wazuri waoshe, wachemshe, umwage maji ya kwanza. Dagaa wa baharini waliotiwa chumvi waachie watu.

Mtindi nauheshimu kama chakula, lakini siuhesabu kuwa tiba. Bakteria waliougandisha wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa, kwa hiyo mbwa wengi wanaoharishwa na maziwa mabichi huuvumilia kwa kijiko kimoja au viwili. Uwe mtupu, mchachu, usio na ladha ya matunda.

Supu ya mifupa isifiwe kwa maji yake. Humfanya mbwa mgonjwa anywe, na hilo si dogo. Iache ipoe usiku kucha kwenye friji, asubuhi uondoe utando wa mafuta. Mifupa iliyopikwa usimpe, kwani huvunjika vipande vikali.

Tunafika kwenye pakiti na makopo yenye bakteria rafiki, na hapa macho yanatakiwa kuliko pua. Mwaka 2011 mtafiti Scott Weese wa Kanada na mwenzake walichunguza bidhaa 25 za aina hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Kati ya 15 zilizotaja idadi ya bakteria, ni 4 tu zilizokuwa na idadi iliyoahidiwa au zaidi. Lebo inayostahili fedha yako inataja bakteria kwa jina kamili pamoja na namba ya ukoo wake, kama vile Enterococcus faecium SF68, inatoa idadi inayodhaminiwa mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi, na inaeleza namna ya kuhifadhi. Iliyoandikwa tu kwamba ina bakteria wazuri, irudishe rafuni. Angalia pia rafu yenyewe: dawa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua la mchana haina uhai wa kutosha. Nyumbani, usiinyunyize juu ya ugali unaofuka moshi. Subiri upoe.

Kitoweo chochote kisipite sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Mbwa wa kilo 20 mwenye shughuli za kawaida hutumia takriban kalori 1,000, kwa hiyo kitoweo kina nafasi ya 100, na kiganja cha dagaa wakavu kinaweza kuijaza. Wala hakuna kitoweo kitakachorekebisha unga ulioota ukungu. Sumukuvu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 ilikuwa kwenye mahindi, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Mahindi usiyothubutu kula mwenyewe yasiende kwenye sufuria ya mbwa.

Jaribu kitoweo kimoja kwa wakati mmoja. Anza na robo ya kipimo, ukipandishe kwa muda wa wiki moja, huku ukiandika alama ya choo kila asubuhi. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, acha kununua vitoweo vingine. Chukua choo cha asubuhi hiyo kwenye chombo safi chenye kifuniko, ukipeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo pamoja na tarehe ya mwisho mbwa alipopewa dawa ya minyoo. Ila ukiona damu, matapishi yasiyokoma au mbwa aliyelegea, na hasa akiwa mtoto asiyechanjwa dhidi ya virusi vya parvo, usisubiri hata kesho.